Mvuvi wa dagaa humpangii kuja kila Jumanne asubuhi

Mi ni mnasihi, yaani mshauri nasaha, hapa Kigoma, wateja wangu wengi wanatoka Kibirizi na Ujiji, na karibu wote wanaanza kwa kusema mwili ndo unaumwa, kichwa hakiachi, moyo unaenda mbio, kapimwa malaria kapimwa presha hakuna kitu. Simbishii. Wasiwasi na huzuni nzito vinauma mwilini kweli, kwahiyo namwacha aeleze mwili wake mpaka amalize, alafu mengine yanakuja yenyewe, deni la nyavu, ndoa, mtoto aliyefariki.

Kwa mvuvi wa dagaa naulizia mapema sana ratiba ya giza. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali watu wanapumzika, sasa ukimpangia kila wiki saa tatu asubuhi utamkosa, na akija atasinzia hapohapo kwenye kiti. Mi naonana naye zaidi siku za mbalamwezi, siku za giza namcheki kwa simu mchana akishaamka. Hata usingizi tunauongelea tofauti, huwezi kumwambia mtu alale saa nne usiku wakati saa hiyo yuko katikati ya ziwa, tunaongelea kuziba dirisha kwa kitenge, kuacha kahawa ya alfajiri, na nyumbani wasimwamshe kwa kila mgeni anayepiga hodi.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 shida iligeuka, mtu hana pa kwenda, amelala mchana na usiku, hata rafiki zake hataki kuwaona. Hapo tunachagua kitu kimoja kidogo, mfano kukaa na wenzake mwaloni ashone nyavu lisaa limoja tu kila siku, hata kama hajisikii, maana kwenye huzuni ya namna hiyo ukisubiri hamu ndo ufanye utasubiri sana, mara nyingi unaanza kufanya alafu hamu ndo inakuja.

Siku ya kwanza kabisa namwambia kuhusu siri. Yanayosemwa hapa yanabaki hapa, isipokuwa maisha yake au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, au mtoto anaumizwa. Mji wetu watu wanajuana, bila hilo hafunguki.

Na nauliza waziwazi, ndugu yangu, umewahi kufikiria kujiua? Wengi wanaogopa hili swali wakidhani utampa mtu wazo, hapana, kumuuliza hakumpi wazo, wengi wanashusha pumzi ndefu kwasababu hatimaye kuna mtu kauliza. Akisema ndiyo simwachi aondoke peke yake, namuuliza anapanga kutumia nini, tunampigia ndugu anayemwamini akiwa palepale, sumu ya shambani inatolewa nyumbani siku hiyohiyo, na kama hali ni mbaya tunaenda wote hospitali, nakaa naye mpaka daktari amuone.