Upigaji picha shirikishi: maana yake, na namna ya kuutambua ukutani

Kiswahili hakifichi jambo hili: kuna anayepiga picha na kuna anayepigwa. Mmoja ana kamera, anachagua asimame wapi, kisha anaondoka na picha. Mwingine anaambiwa atulie. Wengi wetu tumeliona likitokea. Gari linafika kijijini, wageni wanashuka, watoto wanapangwa mstari, na kabla jua halijatua gari limeshaondoka. Baadaye sura ya mtoto wa jirani inatokea kwenye kalenda, na chini yake pana maelezo ambayo mama yake hajawahi kuyasoma.

Upigaji picha shirikishi umezaliwa kwa kuukataa mpangilio huo. Neno lenyewe tunalijua: katika ulinzi shirikishi wakazi hupanga zamu na kulinda mtaa wao wenyewe. Kwenye picha, wale ambao picha inawahusu ndio wenye kauli. Wanaamua kipigwe nini, pengine wanashika kamera wenyewe, wanachagua ipi itundikwe na ipi ibaki kwenye bahasha, wanasema maelezo yaandikweje, na wanajua picha zinapelekwa wapi. Mwenye ujuzi wa kamera bado yupo, ila anafanya kazi pamoja nao, na mara nyingi kwa miezi au miaka.

Wapo wanaodhani kugawa kamera kunatosha. Hakutoshi. Unaweza kumpa mtu kamera na bado ukamnyang'anya picha: unakusanya filamu zote, unakaa peke yako kuzipekua, unachukua zile zenye dhiki tu, unaziandikia habari uliyokuja nayo kichwani. Mimi naona ukweli wa kazi hii unajulikana kwenye meza ya kuchagulia picha. Nani amekaa pale?

Tazama anavyofanya Anthony Luvera, mpiga picha wa Australia anayefanya kazi Uingereza. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 amekuwa akishirikiana na watu waliopitia maisha ya kukosa makazi. Badala ya kuwawinda kwa lenzi barabarani, hukutana nao mara kwa mara na kuwafundisha kutumia kamera kubwa iliyosimamishwa kwenye tripodi, kisha wanakwenda mahali ambapo mtu mwenyewe anapathamini. Kamera inafyatuliwa kwa kitufe kilicho mwisho wa waya, na kitufe hicho kiko mkononi mwa anayepigwa. Picha ya mwisho wanaichagua pamoja. Katika baadhi ya picha hizo waya unaonekana kabisa, na mimi hupenda uachwe hivyo, maana unamwambia mtazamaji ni nani aliyeamua wakati wa kubonyeza.

Wendy Ewald wa Marekani alianza mapema zaidi. Kati ya 1975 na 1982 alifundisha watoto wa shule katika milima ya Kentucky, akawataka wapige picha za nafsi zao, familia zao, wanyama wao na hata ndoto zao. Ndoto haipigwi na mgeni. Ni lazima mwenye ndoto aipange mwenyewe, amlaze mdogo wake chini ya mti, ajue hofu ile ilikaaje. Miongo kadhaa baadaye Ewald aliwatafuta tena wanafunzi wale wakiwa watu wazima, na maneno yao yakaingia katika filamu iliyotoka 2020. Hilo lina uzito kwangu, kwa sababu ruhusa ya mtoto wa miaka 12 si ruhusa ya maisha. Anaweza kukua akaiona picha ile kwa jicho jingine, na anastahili kuulizwa upya.

Njia hii iliingia pia katika afya ya jamii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Caroline Wang na Mary Ann Burris walifanya kazi na wanawake 62 wa vijijini Yunnan, China, ambao walipiga picha za maisha yao na kuzijadili kwa pamoja. Picha zikaonyesha shida ya kulea watoto wakati wa kulima na haja ya wakunga, nazo zikaonyeshwa kwa viongozi waliokuwa na uwezo wa kutenda.

Na kwetu kuna Mathare. Mwaka 1997 mpiga picha Lana Wong alishirikiana na chama cha michezo cha vijana cha MYSA, na vijana 31 wa mtaa huo wa Nairobi wakapewa kamera za plastiki za bei rahisi. Walipiga, wakaandika. Kazi hiyo waliiita Shootback, yaani waliokuwa wakipigwa sasa nao wanapiga.

Niseme pia kwamba studio za zamani zilikuwa na chembe ya jambo hili. Katika studio kama Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, mteja ndiye aliyelipa, na picha yake akaenda nayo nyumbani.

Sasa ukiingia kwenye jumba la maonyesho ya picha, utaitambuaje kazi shirikishi? Lipo jumba la Open Eye mjini Liverpool, lililofunguliwa 1977, ambalo kazi za aina hii ni sehemu kubwa ya shughuli zake, na kuingia ni bure. Lakini popote ulipo, usikimbilie picha. Anza na kibandiko kilicho pembeni. Je, kuna jina moja tu la mpiga picha, au na wenye sura wametajwa? Kama hawakutajwa, je, ni wao walioomba? Wengine huhitaji kufichwa kwa usalama wao. Maelezo yanasema "mimi" na "sisi", au yanasema "wao"? Angalia tarehe: wiki moja, au miaka mitatu? Angalia pia kama furaha na mambo ya kawaida yamepata nafasi ukutani, sahani ya chakula, arusi, mtu anayesuka nywele.

Kisha mfuate mhudumu, umuulize kwa upole: waliomo kwenye picha hizi walikuja siku ya ufunguzi, na kila mmoja alipewa nakala yake?