Mwache shahidi amalize kwanza

Simu imenyakuliwa Kondele, mtaa wa Kisumu, saa mbili usiku. Aliyeshuhudia ameketi mbele ya mpelelezi na maswali yanaanza: "Walikuwa wangapi? Walikuwa na silaha? Ile pikipiki ilikuwa nyekundu, sivyo?" Anajibu: wawili, sijui, nadhani ndiyo. Ukurasa unajaa, lakini ile rangi nyekundu imetoka kwa mpelelezi.

Wanasaikolojia Ronald Fisher na Edward Geiselman wa Marekani, walioanza kuunda mahojiano ya kusaidia kumbukumbu miaka ya 1980, walisikiliza kanda za polisi wa Florida. Shahidi alikuwa anakatizwa, kwa wastani, sekunde 7.5 tu baada ya kuanza kusimulia. Akikatizwa hivyo mara tatu nne, anazoea: anatoa jibu fupi, ananyamaza, anangoja swali jingine. Wapelelezi wa Miami walipofunzwa mbinu hiyo, taarifa walizopata ziliongezeka kwa asilimia 47 kuliko walizokuwa wakipata kabla ya mafunzo.

Anza kwa kuwatenganisha mashahidi. Wakikaa benchi moja kituoni wakisimuliana, utaandika taarifa tatu zinazofanana mno. Kisha mwambie shahidi: "Mimi sikuwepo, wewe ndiye uliyeona. Nieleze kila kitu, hata kile unachodhani hakina maana. Usichokijua, sema hujui." Sentensi hiyo ya mwisho usiiruke, maana wengi huona aibu kusema hawajui mbele ya askari.

Sasa mrudishe mahali pale. Afumbe macho, au atazame sakafu ikiwa kufumba kunamtia hofu. Muulize polepole, ukiacha nafasi baada ya kila swali: ulikuwa umesimama wapi? Taa ilikuwa upande gani? Ulikuwa unasikia nini? Kulikuwa na harufu gani? Hapa hajibu, anawaza tu. Na usimsaidie. Ukitaja harufu ya samaki wa kukaanga kwa kuwa unajua pale huuzwa samaki, umeshaweka samaki kwenye ushahidi.

Halafu: "Nieleze tangu mwanzo." Nyamaza. Andika maneno mawili matatu ya kukukumbusha, si sentensi nzima, kwa sababu shahidi akiona kalamu inakimbia hupunguza mwendo ili umfikie na mengine yanampotea. Akitua, hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kusema lolote. Mara nyingi jambo la maana huja kwenye ukimya huo.

Maswali yafuate picha aliyo nayo kichwani. Akiwa kwenye sura ya yule wa nyuma, maliza sura kabla ya kugusa pikipiki. "Umetaja koti. Nieleze hilo koti," si "koti lilikuwa jeusi?" Neno moja linatosha kuharibu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali. Baada ya wiki moja, asilimia 32 ya walioulizwa kasi ya magari "yalipopondana" walidai waliona vioo vilivyovunjika, dhidi ya 14 kwa walioulizwa "yalipogongana". Vioo havikuvunjika.

Kusimulia kutoka mwisho kurudi mwanzo husaidia watu wazima, kwa kuwa huvunja mazoea ya kujaza mapengo. Kumwambia aone tukio kwa macho ya mtu mwingine ninaliacha kabisa. Huko ni kumwalika akisie.

Kisumu kuna tatizo jingine. Shahidi aone kwa Dholuo, ajibu kwa Kiswahili, taarifa iandikwe kwa Kiingereza: mkalimani anafupisha maelezo marefu ya mwanga na umbali kuwa "hakumwona vizuri". Aseme kwa lugha yake, maneno yake yanakiliwe yalivyo, tafsiri ije baadaye. Na mwanga si jambo la kufupisha: tangu 1986 Mahakama ya Rufani ya Kenya imesisitiza kuuliza mwanga ulikuwa wa aina gani, wenye nguvu kiasi gani, na ulikaa wapi ukilinganisha na mshukiwa.

Mwishowe muulize ameona picha au video gani tangu siku ile, hasa kwenye grupu za WhatsApp za mtaa, uandike kando. Kama sura ya mshukiwa imeshasambazwa huko, gwaride la utambuzi halina thamani tena, hata ukimpanga kati ya watu wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali ya maisha. Kama haijasambazwa, hakikisha maelezo ya sura yameandikwa kabla ya gwaride, na umwambie shahidi waziwazi kwamba mhusika huenda hayumo.