Gari Moja, Uzito Tofauti: Dhana Potofu Kuhusu Matoleo ya Magari ya Kasi

Katika yadi za magari yaliyotumika jijini Dar es Salaam si ajabu kukuta magari mawili ya kasi yenye jina moja, umbo moja na injini moja, yote yametoka Japani, lakini karatasi zake zinaonyesha uzito unaopishana kwa kilo 70, 80 au hata 100. Mteja akiuliza sababu, jibu huja upesi: lile zito ndilo imara, kwa kuwa bati lake ni nene. Mwenye lori anayepita mizani ya Vigwaza asingeridhika na jibu la namna hiyo, maana yeye huhesabu kila kilo. Sisi wenye magari madogo, ambao mizani ile haituhusu, tumezoea kuamini tunachoambiwa.

Dhana hiyo ya bati nene imeenea kuliko nyingine zote, na ndiyo yenye ukweli kidogo zaidi. Kwa kawaida bodi za matoleo yote ya modeli moja hupigwa kiwandani kwa mashine zilezile na kwa chuma kilekile. Tofauti hutoka ndani: viti vyenye mota, paa la kioo pamoja na reli zake, spika, kiyoyozi, mota za madirisha, na tabaka za lami na sponji zinazobandikwa sakafuni na milangoni ili kuzuia kelele. Kimoja kimoja ni kilo chache tu, lakini haba na haba hujaza kibaba. Yapo matoleo ya mashindano ambayo kweli hupewa vioo vyembamba, na mara chache bati jembamba pia; hata hivyo, uimara wa bodi hutegemea zaidi aina ya chuma na jinsi kilivyokunjwa na kuungwa kuliko unene wake.

Wengine huamini kinyume chake, kwamba toleo jepesi ni la kubana matumizi, lililonyimwa vitu ili liuzwe kwa bei ndogo. Mitsubishi Lancer Evolution ya kwanza, iliyotoka mwaka 1992, ilikuwa na matoleo mawili: GSR yenye kilo 1,240 na RS yenye kilo 1,170, yote kwa injini ya nguvu za farasi 250. RS haikuwa na kiyoyozi, madirisha yake yalizungushwa kwa mkono, na rimu zake zilikuwa za chuma cha kawaida. Anayeiona leo angedhani ni gari la mnyonge, ilhali ilikusudiwa timu za mbio ambazo zingeng'oa vitu hivyo siku ya kwanza, kwa hiyo kiwanda hakikuona sababu ya kuvifunga. Ukigawa uzito kwa nguvu, kila farasi wa GSR alivuta kilo 4.96, na wa RS kilo 4.68.

Bei nayo haifuati kanuni moja. Porsche ilipotoa 911 Carrera RS kwa msimu wa 1973, kifurushi cha Sport, kilicholiacha gari jepesi, kiliongeza marki 700 za Ujerumani juu ya bei ya marki 34,000, na kile cha Touring, kilichorudisha starehe na takriban kilo 100, kiliongeza marki 2,500. Wakati huo wepesi ulikuwa nafuu. Miaka 30 baadaye BMW ilitoa M3 CSL, nyepesi kwa kilo 110 kuliko M3 ya kawaida, ikiwa na paa la nyuzi za kaboni. Bei yake ilikuwa juu sana kuliko ya ndugu yake, na kiyoyozi na redio havikufungwa mpaka mnunuzi aviombe. Kuondoa kitu ni rahisi, lakini kukibadilisha kwa kingine chepesi chenye uimara uleule ndiko kunakogharimu.

Dhana ya tatu hushikwa hata na mafundi hodari: kwamba toleo la kasi zaidi lazima liwe jepesi zaidi. Kasi yenyewe ina uzito. Breki kubwa, giaboksi ya kuhimili nguvu nyingi, tairi pana, rejeta kubwa na difu imara vyote huongeza kilo, na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne hubeba shafti na difu za ziada. Starehe nayo huongeza zake: Lancer Evolution VII ya GSR ina kilo 1,400, RS ina 1,320, na GT-A, yenye gia za otomatiki na starehe zaidi, ina 1,480. Mfano unaonifurahisha zaidi ni wa magari ya paa la kukunja: mtu huona paa halipo akadhani gari limepungua, kumbe paa lilikuwa linashikilia bodi, na lilipoondolewa kiwanda kililazimika kuimarisha sakafu na kingo, pengine na kuongeza mota za kukunjia. Mara nyingi gari hilo huwa zito kuliko lile lenye paa la bati.

Pia si kilo zote zinazofanana. Kilo 1 ya paani hulilaza gari kwenye kona kuliko kilo 1 ya sakafuni, na ndiyo maana Evolution VIII MR ya mwaka 2004 ilipewa paa la alumini. Kilo za kwenye rimu ni mbaya zaidi kwa barabara zetu, kwani gurudumu zito hupanda na kushuka kwa nguvu kila likikutana na tuta, na springi na shokapu huchelewa kulirudisha chini.

Wapo wanaong'oa viti vya nyuma na kiyoyozi wakidhani wamejitengenezea RS. Kiwandani, uzito unapopungua, springi na shokapu nazo hupangwa upya kulingana nao. Mwenye kung'oa gerejini huliacha gari na springi zilezile, nyuma ikiwa imeinuka na nyepesi wakati wa kukanyaga breki. Isitoshe, kilo 70 alizohangaika nazo hurudi mara rafiki yake anapopanda kiti cha mbele kutoka Mbagala kwenda Posta, nao wote wawili wakitoa jasho la Februari.

Limebaki suala la karatasi, ambalo huzaa ubishi mwingi usio na sababu. Uzito wa gari tupu kwa hesabu ya Japani huhesabiwa tangi likiwa limejaa, bila dereva. Kwa utaratibu wa Ulaya, uzito wa gari lililo tayari kwa safari huchukua tangi la asilimia 90 na kilo 75 za dereva. Viwanda vingine hutangaza uzito mkavu, bila mafuta wala maji, kwa sababu unapendeza kwenye matangazo. Gari lilelile linaweza hivyo kuandikiwa uzito wa namna tatu tofauti bila mtu yeyote kusema uongo.

Namba ya chesisi pekee haitoshi kumaliza ubishi: herufi CT9A za Lancer Evolution VII, kwa mfano, ni za GSR, RS na GT-A vilevile, na kinachotofautisha ni msimbo kamili wa modeli ulio kwenye kibati cha chumba cha injini. Kwenye cheti cha Japani huandikwa pia uzito wa jumla, ambao ni uzito wa gari tupu pamoja na kilo 55 kwa kila mtu anayeruhusiwa kupanda, dereva akiwemo. Kwa gari la watu 5 nyongeza hiyo ni kilo 275, na muuzaji akikuonyesha magari mawili pacha yanayopishana kwa kilo 275 kamili, mwombe arudie kusoma, kwa kuwa huenda moja amelisomea uzito wa gari tupu na jingine uzito wa jumla.