Laptopu ndani ya mashua: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwenye mashua nyingi leo laptopu ina kazi mbili. Nahodha anaitazama kujua chombo kiko wapi, na jioni, nanga ikishatupwa, watu wanaizunguka kuangalia filamu. Ni kifaa kizuri na simshauri mtu akiache nchi kavu. Kinachonisumbua ni imani zilizojengeka juu yake. Baadhi zinamaliza betri tu. Nyingine zinapandisha vyombo mwambani.

"Bila intaneti, laptopu haiwezi kukuonyesha ulipo"

Si kweli. GPS haihitaji intaneti wala mtandao wa simu. Setilaiti zake, zilizo kiasi cha kilomita 20,200 juu ya dunia, zinatangaza saa na mahali zilipo. Kipokezi kinasikiliza na kupiga hesabu, hakitumi chochote. Tatizo ni kwamba laptopu nyingi hazina kipokezi hicho. Nchi kavu hukisia mahali zilipo kwa kunusa mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu, na katikati ya bahari hakuna cha kunusa. Suluhisho ni kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye USB, au kebo inayoleta data kutoka vifaa vya mashua kwa mfumo wa NMEA 0183, lugha ambayo vifaa vya baharini huongea vyenyewe kwa vyenyewe. Hapo angalia kasi ya mawasiliano: data ya kawaida huja kwa biti 4,800 kwa sekunde, ya AIS, mfumo wa vyombo kutangaziana mahali vilipo, kwa 38,400. Ukiweka kasi isiyo yake, programu inakaa kimya na wewe unalaumu kipokezi kizima.

Kuna jambo moja limewatesa wengi. Unawasha laptopu ya Windows kipokezi kikiwa tayari kimechomekwa, mara kishale kinaanza kurukaruka na kufungua mafaili chenyewe. Watu hudhani ni virusi. Kumbe Windows imeidhania ile data ya GPS kuwa ni mausi. Chomoa kipokezi, acha mashine iwake mpaka mwisho, kisha kichomeke upya.

Intaneti ina kazi yake kabla ya kung'oa nanga: kushusha ramani, masasisho na utabiri wa upepo wa mafaili ya GRIB, ambayo ni madogo sana. Programu ya ramani za bahari ya OpenCPN ni ya bure na ikishakuwa na ramani zake inafanya kazi bila mtandao. Kwa maji ya Marekani, NOAA, shirika la serikali yao la bahari na hali ya hewa, hutoa ramani za kielektroniki bila malipo. Hata katikati ya bahari, redio ya masafa marefu ikiunganishwa na laptopu kwa waya wa sauti, programu inageuza ile milio kuwa ramani ya hali ya hewa. Hakuna intaneti hapo hata kidogo.

"GPS inajua nilipo kwa mita chache, basi ramani kwenye kioo haikosei"

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, maana dhana hii ni hatari kuliko zote.

GPS inakwambia ulipo wewe. Haikwambii mwamba uko wapi. Mahali pa mwamba panatoka kwa aliyeupima, na huenda aliupima karne ya 19 kwa bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba, akikisia mahali pake kwa kutazama nyota na vilele vya milima. Kazi ile ilikuwa ya ustadi mkubwa, lakini katika sehemu za mbali kisiwa kinaweza kuwa kimechorwa mamia ya mita kando ya mahali kilipo hasa. Kabla ya Mei 2000, Marekani ilipokuwa bado inavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, kosa la kipokezi lilifika kama mita 100, hivyo watu walijiachia nafasi. Siku hizi kile kialama cha mashua kinatulia pazuri kwenye kioo, na utulivu huo unatupa ujasiri ambao ramani iliyo chini yake haistahili.

Halafu kuna suala la kukuza. Ramani ya rasta ni picha ya karatasi: ukiikuza, wino unanenepa tu, hakuna jipya. Ramani ya vekta inakuwa na matabaka, na ukiitazama kwa mbali programu inaficha vitu vidogo ili kioo kisijae. Miongoni mwa "vitu vidogo" hivyo unaweza kuwemo mwamba unaotosha kuua mashua.

Tarehe 29 Novemba 2014, chombo cha Team Vestas Wind, kikiwa katika mashindano ya Volvo Ocean Race, kiligonga usiku miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki mwa Morisi. Hao walikuwa mabaharia wa daraja la juu kabisa duniani, wenye vifaa ambavyo wengi wetu hatutavishika kamwe. Ramani za kielektroniki walikuwa nazo, na miamba ile ilikuwamo ndani yake. Ila kwa umbali waliokuwa wakiitazama, haikuonekana kama hatari. Watu wote tisa waliokolewa, na chombo kilijengwa upya mwaka uliofuata. Tangu hapo sina subira na anayesema jambo hili huwapata wazembe tu.

Kwa hiyo ukishachora njia, ipitie yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho ukiwa umeikuza, kipande kwa kipande, kabla ya safari. Inachosha. Ifanye hata hivyo. Na kumbuka kukuza kupita kiasi nako kunadanganya: kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000, milimita moja ni mita 50 za bahari, hata ukiitanua ijaze kioo kizima.

"Laptopu ni kama meli kubwa zinavyotumia"

Hapana. Meli kubwa zilizo chini ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, zinatumia ECDIS, mfumo wa ramani za kielektroniki uliopimwa na kuidhinishwa, wenye akiba yake ikiwa wa kwanza utakufa. Laptopu yako haijaidhinishwa na yeyote, na inaweza kuamua kujisasisha na kujiwasha upya katikati ya mlango wa bandari. Zima masasisho ya kujiendesha kabla ya kuondoka.

"Inachajiwa na betri ya mashua, basi umeme haupungui"

Tupige hesabu. Laptopu inayokula wati 40, ikichajiwa kupitia inveta, inafika kama wati 50 kwa sababu umeme unapandishwa kutoka volti 12 hadi ule wa nyumbani, kisha chaja inaushusha tena hadi volti 19 au 20. Kila ngazi inachukua ushuru wake. Wati 50 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 4. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una saa 12 hivi za ramani, na hapo hujawasha taa, redio wala friji. Adapta inayotoka volti 12 moja kwa moja hadi volti za laptopu inaokoa sehemu ya hasara hiyo. Filamu ya saa mbili, kwa upande mwingine, ni ampea-saa 8 tu; burudani si adui wa betri, adui ni kuacha mashine ikiwaka mchana kutwa.

Tena, inveta na chaja za bei rahisi hutoa kelele za redio. Sikiliza redio yako ya VHF inveta ikiwa imezimwa, halafu ikiwa imewashwa. Ukisikia tofauti, unajua la kufanya.

"Filamu haina uhusiano na usalama wa chombo"

Nanga ikiwa imeshika na mtu yuko macho, kweli haina. Njiani usiku ina uhusiano mkubwa. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa kioo unayarudisha mwanzo ndani ya sekunde chache. Aliye zamu akichungulia sinema ya wenzake mara moja tu, taa ndogo ya mashua nyingine inaweza kumpita asiione. Ramani nayo iwekwe kwenye rangi za usiku.

Usisahau dira. Spika na sumaku za kufunga kifuniko zinaweza kuipotosha sindano, na laptopu iliyolazwa karibu nayo kwa ajili ya muziki imeshageuka kuwa mshika usukani wa pili. Iweke umbali wa mita moja au zaidi.

Filamu zilizoshushwa kutoka huduma za kulipia mara nyingi zina muda wa kuisha, na zinahitaji mtandao kuthibitishwa tena. Chukua na chache zilizo mali yako kabisa.

"Ikimwagikiwa maji, iweke kwenye mchele"

Mchele hauondoi chumvi, na chumvi ndiyo inayokula saketi. Chomoa chaja, izime, toa betri kama inatoka, suuza sehemu zilizolowa chumvi kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa mvuke yakipatikana, kisha iache ikauke kwa siku kadhaa. Betri ya lithiamu iliyoingia maji ya bahari usiichaji tena.

Hata ikinusurika, kuna usiku itakataa kuwaka. Kila saa andika latitudo na longitudo kwenye daftari, kwa kalamu. Kioo kikizimika saa nane usiku, una mstari wa saa saba wa kuanzia kuchora kwenye karatasi.