Damu katika jicho la mtoto mchanga: yasemwayo Lamu na yalivyo

Mtoto ana siku tatu. Mzazi yuko arubaini, na nyumba ile ya Langoni imejaa wanawake waliokuja kumtazama. Mmoja anafunua leso, anashituka: kando ya mboni, kwenye weupe wa jicho, pana doa jekundu kama tone la hina. Chai haijamiminwa, sababu zimeshatolewa.

"Ni kijicho." Sivyo. Ni kimshipa kilichopasuka chini ya utando mwembamba unaofunika weupe, mtoto alipobanwa akitoka. Hakimuumi, na kwa kawaida doa hufifia lenyewe katika wiki moja au mbili.

"Basi damu imeingia ndani, atakuwa kipofu." Hapa watu huchanganya mambo mawili. Damu ya ndani huvujia kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na hakuna shangazi awezaye kuiona kwa kufunua leso. Daktari hutia matone ya kupanua mboni, kisha huangaza kwa kifaa chake. Mtoto mwenye jicho jeupe pepepe anaweza kuwa nayo, na mwenye doa asiwe nayo.

Tena si jambo la nadra. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto wachanga 149 wenye afya: thuluthi moja hivi walikuwa na damu kwenye retina. Katika waliovutwa kwa kile chombo kinachonata kichwani, waliokuwa nayo ni asilimia 75. Katika waliozaliwa kwa njia ya kawaida bila kuvutwa, 33. Katika wa operesheni, 7. Baada ya wiki mbili, wengi mno walikuwa wameshasafika. Kwa hesabu ya kwetu, damu hiyo ya jichoni huisha kabla mama hajatoka arubaini, na aghalabu haiachi athari kwenye macho.

"Mamake hakujua kusukuma." Neno hili ndilo linaloniudhi zaidi, maana huambiwa mtu ambaye hata kukaa bado kwamuuma. Kichwa kikipita njia nyembamba, shinikizo hupanda katika mishipa midogo mno, na mingine huvuja. Hakuna usukumaji wa adabu wa kuzuia hilo. Wala mtu asikimbilie kisu kwa ajili ya macho: hata wa operesheni wamo katika hesabu, na mshono wa tumbo si mchezo.

"Mtie wanja, au maziwa ya mama." La. Wanja mwingine wa dukani una madini ya risasi, sumu kwa ubongo wa mtoto, na maziwa kazi yake ni tumboni.

Yanayotaka hospitali siku hiyo hiyo ni mengine: usaha, kope zilizovimba, mboni yenye weupe. Na mtoto wa miezi mitatu akikutwa na damu kwenye retina, asisingiziwe uzazi. Wakati wake umepita, na daktari ataulizia kuanguka, kutikiswa au maradhi ya damu.

Doa la yule wa Langoni liligeuka manjano siku ya nane, siku ya kumi na mbili halikuonekana. Nyanyake hadi leo anashikilia kuwa ni kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa na kuoshwa, alilomnywesha mzazi, na hakuna aliyembishia.