Kiitikio kinachokatiza sentensi

Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mstari unaishia palepale: "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Nafundisha Agano la Kale, na nakiri kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nairuka. Ukiisoma kimya kimya inachosha. Lakini haikutungwa isomwe hivyo: mmoja hutanguliza, umati huitikia.

Neno hilo la fadhili kwa Kiebrania ni hesed, na halitoshi kwenye neno letu moja. Biblia yetu ya Union Version hapa imeandika "fadhili", ila Naomi anapowaaga wakwe zake katika Ruthu 1:8, hesed hiyohiyo imekuwa "mema". Ni wema wa mtu aliyejifunga kwako na haondoki hata akiwa na sababu ya kuondoka. Ruthu, mke wa mwanawe Naomi, alikuwa mjane. Angerudi kwao Moabu na hakuna ambaye angemlaumu, lakini hakumwacha Naomi.

Kwetu fadhili imechakazwa na wafadhili. Anakuja na mradi, mradi una miaka mitatu, kisha gari linaondoka na kibao kinabaki barabarani kikiota kutu. Na kuna ule msemo: mfadhili mbuzi utamnywa mchuzi, binadamu ana maudhi. Sasa ongeza hapo "za milele". Mfadhili asiye na tarehe ya kufunga mradi, na anajua fika kuwa anaowafadhili wana maudhi! Utani huu haumo kwenye Kiebrania. Kiswahili ndicho kimenipa.

Kilichonirudisha kwenye zaburi hii, hata hivyo, ni mistari ya 11 na 12. Mstari wa 11 unasema Mungu aliwatoa Waisraeli Misri. Wa 12 unaendelea, "kwa mkono hodari". Ni sentensi moja. Kiitikio kimeingia katikati, watu wameitikia kabla habari haijaisha. Mistari ya 21 na 22 nayo iko hivyohivyo. Nilikuwa nikidhani shukrani ni hitimisho: unayapima yaliyotokea, ndipo unasema Mungu ni mwema. Hapa wanaitikia wakati mtangulizi bado anavuta pumzi. (Mstari wa 10, wa kuuawa kwa wazaliwa wa kwanza wa Misri, bado unanikwama kooni. Siwashauri wanafunzi wangu waumeze haraka.)

Basi huwapa zoezi. Chukua karatasi, andika kiitikio mara 26 upande wa kulia, kutoka juu hadi chini, kabla ya kitu kingine chochote. Kisha jaza kushoto mambo ya maisha yako, makubwa kwa madogo. Zaburi yenyewe inachanganya: jua na mwezi, wafalme Sihoni na Ogu, halafu mstari wa 25 unataja chakula. Miaka yote ya jangwani imepewa mstari mmoja tu, wa 16.

Nami nilifanya la kwangu. Ada ya shule iliyolipwa na shangazi kwa kuuza ndama. Mvua iliyotukuta darajani. Mstari wa 14 nilianza kuandika, "Mwaka ule mama alipo", kalamu ikasimama. Karatasi ninayo hadi leo, imekunjwa ndani ya Biblia. Kushoto neno halijamalizika. Kulia kiitikio kipo, kwa sababu nilikuwa nimeshakiandika.