Swali Lililoachwa Bila Jibu

Nikipokea mswada wa hadithi ambamo mume na mke wana uamuzi mzito mbele yao, huanza na majibizano yao kabla ya kusoma kitu kingine. Sitafuti matusi wala milango inayobamizwa. Natafuta swali lililoulizwa likajibiwa kwa jambo jingine, kwa sababu ugomvi wenyewe hukaa hapo.

Huu ni mfano niliotunga kwa ajili ya waandishi ninaowahariri. Mke ameomba kazi ng'ambo, na mume anajiandaa kutoka:

"Umekiona kiatu changu cha kushoto?"
"Wamenijibu."
"Kumbe kilikuwa chini ya kitanda."
"Wanataka jibu kabla ya Ijumaa."
"Basi wape."
"Niwape lipi?"

Kazi haijatajwa, wala safari, wala ndoa. Lakini sikiliza "Basi wape." Ukiipitia haraka utadhani ni ruhusa. Kwa kweli mume amejitoa: lolote litakalotokea, mwamuzi atakuwa mke peke yake. Ndiyo maana mke hashukuru. "Lipi" yake inamkumbusha mume kwamba majibu ni mawili, na kwamba yeye pia anapaswa kuchagua.

Aliyeifanya mbinu hii kwa ustadi unaonitetemesha hadi leo ni mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway, katika hadithi fupi ya mwaka 1927 ambamo msichana anaona vilima vya mbali vinafanana na tembo weupe. Mwanamume Mmarekani na msichana huyo wameketi kwenye stesheni katika bonde la mto Ebro, Hispania, wakisubiri treni itokayo Barcelona kwenda Madrid. Itafika baada ya dakika 40 na kusimama dakika 2 tu. Msichana ni mjamzito, lakini neno mimba halimo kabisa. Mwanamume anasema "operesheni", akimaanisha kuitoa mimba hiyo, tena anasisitiza kuwa ni rahisi mno. Anarudia pia kwamba hataki msichana aifanye ikiwa hataki mwenyewe. Ni ile ile "Basi wape": maneno yanamwachia msichana hiari, na kule kurudiwarudiwa kunamnyang'anya.

Kuna mahali ningependa kila mwandishi apasome polepole. Msichana anasema wangeweza kuwa na kila kitu. Mwanamume anaitikia: tunaweza. Msichana anakataa: hatuwezi. Kiswahili kinatuonyesha jambo hilo waziwazi, maana tofauti yote imo kati ya -nge- na -na-. Kwa msichana, dunia yao imeshakuwa ya -nge-, na mwanamume bado anaongea kama mtu asiyeona kilichoondoka. Baadaye msichana anachoka, na katika sentensi moja anarudia neno la kusihi mara saba mfululizo, akimwomba anyamaze.

Lugha yetu ina hazina nyingine ya kuficha: viambishi. "Tutaifanya lini?" na "Utaifanya lini?" zinatofautiana kwa herufi moja, na herufi hiyo inaeleza nani atabeba mzigo. Ile "i" ya katikati nayo inalisitiri jambo lenyewe bila kulitaja. Mhusika akihama kutoka "tu" kwenda "u" katikati ya mazungumzo, msomaji anashtuka hata kama hajui kilichomshtua.

Basi inaniuma ninapokuta mke anamwambia mumewe, "Naumia kwa sababu hujali ndoto zangu," naye anajibu kwa aya nzima ya sababu zake. Watu wawili walioishi pamoja hawaelezani hivyo wakati hofu imewabana. Sentensi hizo huzifuta, halafu namwomba mwandishi awape wahusika kitu cha kushika: kiatu, sufuria, begi.

Hemingway alitumia mabegi. Kuelekea mwisho, mwanamume anayahamishia upande wa pili wa stesheni, anakunywa peke yake baa, kisha anarudi kumuuliza msichana kama anajisikia nafuu. Msichana anatabasamu na kumwambia yuko sawa, hana tatizo lolote. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi, na bado sijui treni ile itapandwa na mmoja au wawili.